Tufani Huzaliwa Wapi, na Watu wa Gitaza Waogope Nini?

Kila zinaposikika redioni habari za tufani iliyobomoa miji ya Msumbiji au kuzamisha vyombo karibu na Madagaska, swali moja huulizwa katika nyumba nyingi za mwambao wa Ziwa Tanganyika, tangu Kabezi hata Nyanza-Lac: je, jambo hilo laweza kutufika sisi? Swali hili si la kipumbavu. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 673, na mahali penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470 hivi kwenda chini. Mtu aliyesimama Gitaza, pale ambapo milima imeshuka hata kukaribia kuingia majini na barabara ya taifa namba 3 imebanwa kati ya mwamba na ziwa, akiyatazama mawimbi yanavyopiga mawe wakati wa upepo, ana haki ya kudhani kwamba bahari na ziwa ni ndugu wa baba mmoja.

Jibu fupi ni kwamba tufani ya bahari haiwezi kuzaliwa Gitaza, wala haiwezi kufika hapo ikiwa hai. Lakini jibu hilo peke yake lina hatari yake, maana mtu aweza kulisikia akafurahi, akaenda kulala chini ya mlima uliolowa maji. Hapana budi basi tueleze sababu.

KITU CHENYEWE NI NINI

Neno tufani tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ilikuwa gharika, kama ile ya Nabii Nuhu. Watu wa visiwa vya Amerika wana jina lao, Wajapani wana lao, na wataalamu wa hali ya hewa wa Tanzania wamelichagua neno kimbunga. Yote ni kitu kimoja: mkusanyiko mkubwa mno wa mawingu na upepo unaozunguka kituo kimoja juu ya bahari ya joto, na upepo wake ukiwa na mwendo wa kilomita 118 kwa saa au zaidi. Ukiwa chini ya hapo huhesabiwa kuwa dhoruba tu. Msomaji asichanganye tufani hiyo na kile kivumbi kinachozunguka uwanjani wakati wa kiangazi na kubeba makaratasi. Hicho nacho watu hukiita kimbunga, lakini hakina udugu nayo.

Mama aliye jikoni anaijua nguvu ya tufani pengine kuliko mwanafunzi wa chuo. Yeye anajua kwamba mvuke wa sufuria huunguza mkono vikali kuliko maji yenyewe. Sababu ni kwamba maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto jingi kutoka motoni na kwenda nalo. Na mvuke ule unapogeuka tena kuwa maji, iwe juu ya ngozi ya mpishi au chini ya mfuniko, hulitoa joto lile lote. Bahari ya joto ndiyo sufuria. Maji yake hupanda angani yakiwa mvuke, na huko juu, penye baridi, mvuke hugeuka matone na kuwa wingu. Joto linalotoka hapo huipasha hewa iliyo kandokando, nayo hewa hiyo, ikiwa nyepesi, huzidi kupanda. Chini panabaki upungufu wa hewa. Hewa ya pembeni hukimbilia kuujaza upungufu ule, na kwa kuwa imepita juu ya bahari ya joto, nayo huja na mvuke wake. Hivyo moto hujiletea kuni wenyewe.

Ili jambo hili liendelee mpaka liwe tufani, yatakiwa masharti kadhaa yakutane. Maji yawe na joto la nyuzi 26 au 27, tena si juu juu tu bali kwenda chini mita 50 hivi, kwa sababu upepo huyakoroga maji na kuyaleta juu yale ya baridi. Kama joto ni la juu juu tu, tufani hujizima yenyewe. Hewa ya juu iwe na unyevu. Upepo wa chini na ule wa juu sana usitofautiane mno, ama sivyo mnara wa mawingu utakatwa kichwa kabla haujasimama. Bahari iwe pana. Na mwisho, mahali penyewe pawe mbali kidogo na ikweta.

Sharti hili la mwisho ndilo linalowashangaza watu, na ndilo linalotuhusu sana.

KWA NINI SI GITAZA

Joto tunalo. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa na nyuzi kati ya 24 na 28 hivi mwaka mzima. Lakini tufani iliyokomaa huchukua nafasi ya kilomita mia kadhaa kutoka ukingo mmoja wa mawingu yake hata wa pili, ilhali ziwa letu lina upana wa wastani wa kilomita 50 tu. Kuitaka tufani izunguke humo ni sawa na kutaka kuzungusha gwaride la kikosi kizima ndani ya chumba cha zamu.

Juu ya hayo, Gitaza iko digrii tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta. Askari wa mizinga wanalijua jambo hili kwa kazi yao: risasi ya mzinga inayokwenda mbali sana haiangukii pale pale mstari ulipoelekezwa, kwa sababu wakati inapokuwa angani, dunia nayo inazunguka. Upepo unaosafiri mamia ya kilomita hupatwa na jambo hilo hilo. Mtu aliyesimama kwenye ncha ya kusini ya dunia hugeuzwa mahali alipo, kama kwamba amepewa amri ya kugeuka nyuma polepole, akamaliza duara zima kwa siku moja. Lakini aliyesimama kwenye ikweta hageuzwi hata kidogo. Yeye huchukuliwa mbele tu kuelekea mashariki, uso wake ukiwa pale pale. Kwa hiyo kadiri tunavyoikaribia ikweta ndivyo nguvu ya kuupindisha upepo inavyopungua, na kwenye ikweta yenyewe haipo kabisa.

Maana yake kwa Gitaza ni hii. Hewa inapokimbilia mahali penye upungufu karibu na ikweta, huenda karibu moja kwa moja, ikaujaza, na shauri likaisha. Mbali na ikweta, kwa kawaida kuanzia digrii tano na kuendelea, hewa hiyo hupindishwa njiani, ikakikosa kituo na kukizunguka. Haiingii ndani kuujaza upungufu. Huuzunguka tu, na upungufu huzidi. Upande wetu wa kusini hupindishwa kushoto, kwa hiyo tufani za Bahari ya Hindi ya kusini huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, na zile za kaskazini huzunguka kinyume chake. Kanuni hii imewahi kuvunjwa, na yafaa tuseme kweli: mwezi wa Desemba 2001 tufani iliyoitwa Vamei ilizaliwa digrii moja na nusu tu kaskazini mwa ikweta, karibu na Singapore. Lakini ile ilikuwa na bahari wazi na upepo mkubwa wa msimu wa kuisukuma. Ziwa lililofungwa na milima pande mbili halina hayo.

ILIPOKUJA UNGUJA

Zanzibar iko digrii sita kusini, yaani imeuvuka mpaka kidogo tu, na ndiyo maana visiwani tufani ni mgeni wa nadra. Lakini mgeni huyo amewahi kufika. Tarehe 15 Aprili 1872, katika enzi ya Sultan Barghash, tufani iliupiga mji wa Unguja, ikaziharibu merikebu za Sultan pamoja na majahazi yaliyokuwa bandarini, ikabomoa nyumba na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba haikuguswa hivyo, na tangu hapo ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Miezi mitano tu kabla ya siku hiyo, Novemba 1871, Stanley na Livingstone walikuwa wamepita kwa mtumbwi katika mwambao wetu huu, wakitoka Ujiji kwenda kuutazama mto Rusizi kama unaingia ziwani au unatoka. Jiwe la ukumbusho wao liko Mugere, kando ya barabara hii hii ya kwenda Gitaza. Stanley aliporudi pwani mwezi wa Mei 1872 aliikuta Zanzibar ikiwa magofu. Ziwani alikuwa amepita salama.

Tarehe hiyo hiyo ya 15 Aprili, miaka 80 baadaye, yaani mwaka 1952, tufani nyingine iliipiga Lindi, kusini mwa Tanganyika ya wakati ule. Halafu miaka ikapita mingi. Tarehe 4 Mei 2024 tufani iliyopewa jina la Hidaya ilifika kisiwa cha Mafia, ikiwa imekwisha kupungua nguvu. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa kabla haijafika, maana wataalamu walikuwa wameiona tangu mbali. Wenzetu wa Ngazija wanaikumbuka Kenneth, iliyopita kaskazini ya kisiwa chao Aprili 2019 na kesho yake ikaingia Cabo Delgado. Na wale ndugu wengi wasemao Kiswahili walioko Maskati waliipata Gonu, mwezi wa Juni 2007, katika nchi ambayo watu huiwazia jangwa na tende tu.

Tabia za mgeni huyu zinajulikana. Katikati yake pana jicho, yaani mahali pa duara penye utulivu, pengine na jua au nyota, penye upana wa kilomita 30 mpaka 60 hivi. Kulizunguka jicho hilo umesimama ukuta wa mawingu, na hapo ndipo penye upepo mkali kuliko pote. Jicho limewaua watu wengi: upepo hukoma ghafla, watu hutoka nje kutazama mabati yao yameangukia wapi, na baada ya muda ukuta wa pili hufika, upepo ukitoka upande ulio kinyume na ule wa kwanza. Tena upepo si muuaji mkubwa kuliko wote. Bahari yenyewe huinuka na kuingia nchi kavu. Mwaka 1970, katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh, zaidi ya watu 300,000 walikufa kwa maji ya bahari yaliyosukumwa hivyo.

Tufani haina haraka. Hutembea kilomita 15 au 20 kwa saa, mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli, ingawa upepo wake wenyewe unazunguka mara kumi ya hapo. Huweza kusimama, kugeuka na kurudi ilikotoka. Freddy ya mwaka 2023 ilianzia karibu na Australia, ikaivuka Bahari ya Hindi yote, ikaipiga Madagaska na Msumbiji, ikarudi baharini kunywa maji ya joto, kisha ikaipiga Msumbiji mara ya pili. Ilidumu siku 36, na hakuna nyingine iliyopata kupimwa ikadumu hivyo.

Ikipanda nchi kavu, hukosa mvuke wa bahari na kufa kama taa iliyokwisha mafuta. Kutoka Mafia mpaka Gitaza ni zaidi ya kilomita 1,000, na njiani kuna nyanda za juu na mbuga kavu za Tanzania. Hakuna tufani iwezayo kumaliza safari hiyo.

MKONO WA MBALI

Hata hivyo tufani iliyo mbali huweza kuisogeza hewa ya kwetu. Wataalamu waliochunguza mvua za Afrika Mashariki wameona kwamba tufani inapokaa mashariki ya Madagaska, mara nyingine huvuta upepo kutoka magharibi, yaani kutoka misitu ya Kongo, nao huja na unyevu mwingi. Machi 2018 tufani mbili, Dumazile na Eliakim, zilikuwa karibu na Madagaska wakati mvua kubwa zilipoinyeshea Afrika Mashariki. Tufani ikikaa mahali pengine, kwa mfano katika mlango wa bahari kati ya Madagaska na Msumbiji, mambo huweza kuwa kinyume: huuvuta unyevu kwake, na huku ndani mvua ikapungua. Kwa hiyo anayesikia habari ya tufani redioni asiseme moja kwa moja kwamba mvua inakuja, wala asiseme haimhusu.

Jambo moja la Freddy lafaa tulitazame zaidi. Ilipofika Malawi haikuwa tena tufani. Ilikuwa mabaki tu, mvua juu ya mvua. Lakini Malawi ndiko watu wengi zaidi walikokufa, na wengi wao hawakuuawa na upepo. Waliuawa na matope na mawe yaliyoporomoka kutoka milimani katika vitongoji vya Blantyre. Hapo msomaji wa Gitaza hahitaji kuelezwa mengi.

WINGU LISILO NA JINA

Tarehe 29 Machi 2015 mvua kubwa iliinyeshea tarafa ya Muhuta. Milima ya Gitaza na Rutunga ikaporomoka. Watu walipoteza maisha, nyumba zilifukiwa, na barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge ikazibwa na mawe na udongo. Hapakuwa na tufani. Mwaka mmoja kabla yake, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua ya saa chache ilishusha mafuriko katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura na kuua zaidi ya watu 60. Desemba 2019 ilikuwa zamu ya Nyempundu, mkoani Cibitoke, ambako mlima ulifukia watu usiku. Aprili 2020 ikawa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Katika misiba hii yote minne hakuna hata mmoja ulioletwa na upepo uliopewa jina.

Nguvu iliyofanya kazi hapo ni ile ile ya sufuria, ila chungu ni kidogo zaidi. Mchana jua huzipasha kuta za milima kuliko maji, hewa ya ziwani hupanda ikitambaa juu ya mteremko kutoka mita 770 hivi mpaka kwenye vilele vinavyopita mita 2,000, katika masafa mafupi sana. Huko juu hugeuka wingu, na mvua humwagika juu ya Mirwa, yaani ile miteremko mikali iliyo kati ya uwanda wa Imbo na mgongo wa nchi. Udongo wa Mirwa ni mzito, umelimwa mpaka kwenye kingo za makorongo, na miti mingi ya kuushika imekwisha kukatwa. Unyeshewapo siku nyingi mfululizo, maji hujaa ndani yake kama sifongo, uzito ukaongezeka, na mahali udongo unapokutana na mwamba pakawa utelezi. Mvua ya mwisho inayouangusha mlima si lazima iwe kubwa kuliko zilizotangulia.

Usiku mambo hugeuka. Milima hupoa upesi, hewa yake ya baridi huteremka kuelekea majini, na ziwa, ambalo halipoi upesi, huwa ndilo lenye joto. Hewa kutoka Burundi na hewa kutoka milima ya Kongo hukutana juu ya maji na kulazimika kupanda. Ndiyo maana radi nyingi za ziwani hutokea usiku na alfajiri. Na usiku, hasa ule usio na mwezi, ndio saa ya wavuvi wa ndagala, waliowasha taa zao katikati ya maji, mbali na nyumbani.

Mvuvi hauawi na mvua. Huuawa na upepo unaoitangulia. Ndani ya wingu refu la radi, mvua inayoanguka huipoza hewa, nayo hewa hiyo, ikiwa imekuwa nzito, huanguka chini kwa kishindo na kutawanyika juu ya ziwa kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Hufika dakika chache kabla ya matone ya kwanza. Huja na baridi ya ghafla usoni baada ya joto la kunata, na harufu ya mvua. Anayengoja tone la mvua ndipo akunje wavu amechelewa. Wenye busara hutazama mianga ya radi upande wa Kongo mapema, na wakiona nyota zinafunikwa upande mmoja huku ukanda mweusi ukisogea, huzima shughuli na kuelekea pwani iliyo karibu, hata kama si ya kwao. Ikiwa wamekwisha kukamatwa, huuelekeza upepo kwenye omo, yaani mbele ya chombo, wala hawaachi mawimbi yakipige ubavuni. Na kama chombo kimepinduka, hubaki wamekishikilia, maana mtumbwi wa mti hauzami upesi, na aliyeuacha ili aogelee gizani mara nyingi haonekani tena. Asiye na jaketi la kuokolea anaweza kujifungia bidoni mbili tupu zenye vifuniko imara. Ni kitu duni, lakini huelea.

Tufani, kwa ukatili wake wote, ina adabu ya kujitangaza. Huonekana kutoka angani kwa mitambo siku nyingi kabla, hupewa jina na nchi zinazosaidiana na kituo cha kisiwa cha Réunion, na meli hupewa amri ya kubaki bandarini. Wingu la Gitaza huzaliwa, huua na kufa katika saa mbili au tatu. Taasisi ya IGEBU huweza kutangaza kwamba kesho kuna hatari ya mvua kubwa katika Imbo na Mirwa, na tangazo hilo lafaa lisikilizwe kila jioni ya masika. Lakini haiwezi kuwaambia watu ni korongo gani litakaloshuka, wala saa ngapi. Sehemu hiyo ya mwisho ya ulinzi imebaki mikononi mwa wenyeji, na mikononi mwa askari na polisi walio zamu katika vituo vya barabara hiyo, ambao mara nyingi ndio watu pekee walio macho usiku wa manane.

Walio macho watazame nini basi? Mlima hautoki kimya kila mara. Ufa mpya ardhini juu ya nyumba, hata wa upana wa kidole, ni habari kubwa. Mikaratusi iliyokuwa imesimama wima ikianza kuinama upande mmoja, mlango uliokuwa ukifungika vizuri ukianza kukwama, chemchemi mpya ikitokea mahali palipokuwa pakavu, hizo zote ni dalili kwamba udongo umeanza kutembea. Iliyo mbaya kuliko zote ni kijito kinachokatika ghafla wakati mvua ingali ikinyesha. Wengine hufurahi wakidhani maji yamepungua. La hasha! Huko juu udongo umeziba njia yake, maji yanajikusanya nyuma yake, na yatakapopasua yatakuja na mawe. Hapo hapana muda wa kukusanya vyombo. Watoto washikwe mikono na wote watoke kuelekea ubavuni, kwenye tuta lililoinuka, wala si kushuka kwa kulifuata korongo, kwa kuwa hakuna mbio zinazoweza kuyashinda matope yanayoteremka.

Mengine hufanywa wakati wa jua. Mfereji wa kuchepusha maji uchimbwe juu ya nyumba, usafishwe kabla ya mvua za Septemba na tena kabla ya zile za Februari. Matete yapandwe kwa mistari inayokata mteremko, si inayoshuka nao. Asikate mtu kitako cha mlima ili apate uwanja wa nyumba, maana ni sawa na kumwondolea mzee fimbo anayoiegemea. Mabati yafungwe kwa waya mpaka kwenye nguzo, si kwa misumari peke yake. Vitambulisho, vyeti vya watoto na kitabu cha mshahara viwekwe ndani ya mfuko mmoja wa plastiki karibu na mlango. Na wakati wa masika ni afadhali jamaa walale katika chumba cha upande wa ziwa kuliko kile kilichogusana na mlima. Udongo ukishuka, ukuta wa nyuma ndio wa kwanza kuanguka.

Kwa wale walio karibu kabisa na maji, katika Rumonge mjini na mahali pengine pa chini, iko hatari nyingine isiyo na haraka. Ziwa lilipanda mno mwaka 2021 na tena mwaka 2024, likaingia katika nyumba za watu Gatumba na Rumonge. Kupanda huko hakuletwi na dhoruba ya siku moja, bali na mvua za miaka kadhaa zilizozidi maji yanayotoka kwa mto Lukuga upande wa Kongo. Lakini ziwa likiwa limejaa, upepo ule ule wa usiku ambao zamani ulipiga mchanga tu sasa hupiga kuta.

Imebaki radi yenyewe, ambayo katika nchi yetu huua watu kila msimu na haiogopwi inavyostahili. Sauti yake husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Tangu mwanga uonekane mpaka ngurumo isikike, mtoto wa shule na ahesabu polepole, kisha agawanye kwa tatu, atapata umbali wa wingu kwa kilomita. Hesabu ikipungua thelathini, aliye shambani aache jembe, aliye majini atoke, na aliye chini ya mti auache mti huo na kuingia katika nyumba au gari. Hakuna anayerudi nje mpaka nusu saa iwe imepita tangu ngurumo ya mwisho.